Msomaji wa Barua za Baba

Karonga, Malawi
15 Septemba 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na ng'ombe wako, maana najua ukiulizwa hali huwa unaanza na ya ng'ombe. Mimi sijambo, ila miguu imevimba kwa kutembea. Shemeji Sarah, najua ndiwe unayemsomea baba, nakusalimu pamoja na mtoto Regina.

Simu tulimkabidhi msimamizi wa misheni siku ile ile tuliyofika. Ndiyo sheria, miaka miwili bila simu. Barua tunaruhusiwa, na gari la kanisa linazifikisha Iyunga, kisha huko Chimala. Tunaamka saa kumi na moja, tunasali, tunafagia uwanja, tunakunywa uji, halafu tunatoka wawili wawili kwenda nyumba kwa nyumba. Mwenzangu anaitwa Aroni, kwao Tukuyu. Lugha ya watu wa hapa inakaribiana sana na Kinyakyusa, kwa hiyo Aroni kila mlango anapokewa kama mjomba aliyepotea. Mimi Msukuma nabaki kutabasamu hadi mashavu yanauma. Chakula chao wanakiita nsima. Usiwe na wasiwasi baba, ni ugali.

Nina swali moja. Kaka Sayi ameonekana? Kila jioni tunataja majina ya watu wa kuwaombea, na la kwake nalitaja la mwisho.

Mwanao,
Malimi

*

Nyumbani, Chimala
27 Oktoba 2024

Mwanangu Malimi,

Marahaba. Ng'ombe wazima, yule mwekundu mwenye pembe moja kazaa jike. Mimi mgongo tu.

Barua yako Sarah kanisomea mara mbili, halafu Jumapili nikaipeleka kanisani, mzee wa kanisa Lugano akawasomea watu wote. Walicheka pale kwenye mashavu. Siku hizi nakalishwa benchi la mbele, mimi ambaye hata sijabatizwa. Nakaa pale nasubiri jina lako litajwe, likishatajwa nasinzia.

Umeuliza habari za Sayi. Yuko Nyololo, anapakia mbao kwenye malori. Akae huko huko. Nilimwambia mbele ya Mzee Kalinga mwenye shamba: mtu ameachiwa ng'ombe, akawatelekeza hadi wakaingia kwenye mpunga wa mwenzake uliokuwa unasubiri kuvunwa, huyo simtaki kwenye boma langu. Kalinga alilia, Malimi. Mzee mzima, analia kama kafiwa. Na lililonikera kabisa ni Sayi kusema eti siku ile ng'ombe alikuachia wewe. Wewe uliyekuwa parokiani kwenye mahojiano ya wamisionari! Nilikuuliza mbele yake ukasema hakukuachia. Basi, yakaisha.

Fanya kazi ya Mungu. Usifikirie ya huku.

Baba yako

Shemeji, hapa chini ni mimi Sarah. Baba akisema, naandika kama alivyosema, hata pale anapomtaja mume wangu. Siku ile Sayi alikuwa zahanati na mimi, amembeba Regina aliyekuwa anachemka kwa homa. Kabla hatujatoka alikuachia ng'ombe, nikisikia kwa masikio yangu. Nilimwambia baba, akasema mke hawezi kuwa shahidi wa mumewe. Sikuandikii haya ili tugombane. Nataka tu ujue kwamba anayesoma barua zako anajua.

*

Karonga
12 Januari 2025

Baba mpendwa,

Shikamoo. Heri ya mwaka mpya kwako na kwa wote wa nyumbani. Unisamehe kwa kukaa kimya muda mrefu. Karatasi zilikuwepo, gari lilikuwepo. Mimi ndiye niliyekuwa naanza na kuchana.

Mvua zimeanza na njia ni tope tupu. Mwezi uliopita tulimtembelea mjane mmoja, Mama Anjela, anayetaka kubatizwa. Akatuuliza kama mtu anaweza kuingia majini akiwa na jambo. Jambo lenyewe ni kwamba mwaka ule jirani yake alipofiwa na mkewe, yeye alisogeza mpaka wa shamba hatua tatu. Nikamwambia aende akaseme. Nilimwambia bila hata kupepesa macho, na Biblia mkononi. Akaenda siku hiyo hiyo. Jirani akamtukana hadi akachoka, kisha wakaenda wote kurudisha mpaka. Kesho yake mama akaja kunishukuru na mayai sita. Niliyala, baba. Aroni alikula mawili, mimi manne, na usiku sikulala.

Ninakuomba jambo. Msamehe kaka Sayi. Naye ni binadamu, huenda siku ile alichoka au alipitiwa. Mimi nilishamsamehe kwa kunitaja kwenye lile jambo. Mrudishe nyumbani, mke na mtoto wake wanamhitaji.

Mwanao,
Malimi

*

Nyumbani, Chimala
2 Machi 2025

Malimi mwanangu,

Marahaba. Huku tuko salama, ila nimeaibika.

Jumapili niliipeleka barua yako kwa Lugano kama kawaida. Anasoma, watu wanaitikia, mara nasikia Sayi, Sayi, msamehe Sayi. Nikashtuka. Nyumbani maneno hayo sikuyasikia! Nimerudi, nikamuuliza Sarah. Akanijibu waziwazi, "Niliruka, baba." Hata hakuomba radhi. Sasa niambie, mimi nisiyejua kusoma nikirukiwa maneno namna hii na mkwe wangu nitafika wapi? Lugano namwona Jumapili tu, na barua nikiipata siwezi kukaa nayo wiki nzima kama dawa ya mifugo. Kwa hiyo Sarah ataendelea, lakini sasa namsikiliza kwa sikio moja.

Kanisa zima lilikupigia makofi kwa moyo wako. Kuhusu Sayi jibu langu ni lile lile. Akija kukiri kwamba alisema uongo, tutazungumza.

Baba yako

Shemeji, niliruka kwa sababu ulimi ulikataa. Nimekusomea mambo mengi, mashavu yako, uji wako, mayai yako. Lile nilishindwa. Watu walisimama wakampigia makofi mtu aliyemsamehe mume wangu kwa kosa alilolifanya yeye mwenyewe anayesamehe. Nilikuwa nimekaa nyuma na Regina mapajani. Mama mmoja akanigeukia akaniambia nina bahati kuwa na shemeji kama wewe.

Ukiwa na la kusema, liseme. Nitasoma kila neno, hata yanayonihusu.

*

Karonga
6 Aprili 2025

Baba,

Shikamoo. Leo sitakueleza habari za huku. Nakuomba ukae chini, na shemeji asome taratibu bila kuacha kitu.

Siku ng'ombe walipokula mpunga wa Mzee Kalinga, kaka Sayi aliniachia mimi. Alisema, "Malimi, nampeleka mtoto zahanati, usitoke hapa." Nikasema sawa. Saa nne nikakumbuka mahojiano. Nikawasogeza ng'ombe karibu na mfereji, nikajiambia nitarudi kabla hawajamaliza majani. Nilikaa parokiani hadi saa tisa.

Uliponiuliza kama kaka aliniachia ng'ombe, parokia ilikuwa inasubiri barua ya serikali ya kijiji kwamba sina kesi na mtu. Nikijibu ndiyo, muhuri haupigwi. Nikajibu hapana. Neno moja tu, baba. Nilidhani utamgombeza kaka siku mbili, kama kawaida yako, halafu yaishe. Ulipotupa godoro lake nje nilikuwa nimesimama mlangoni na nilikuwa bado naweza kusema. Sikusema. Siku niliyopanda gari kuja huku ulinishika kichwa ukanibariki, na nilikuwa bado naweza kusema.

Kaka hakulala, hakupitiwa, hakusema uongo. Na barua ile ya Januari ya kumwombea msamaha ilikuwa mbaya kuliko ule uongo wa kwanza, maana ile niliifikiria wiki nzima.

Naona aibu. Sijui niandike nini zaidi.

Malimi

*

Nyololo
29 Juni 2025

Shemeji Malimi,

Salamu. Sisi huku ni wazima, ila baridi ya Mufindi imemshika Regina kifua, na sweta alilonalo ni la baba yake limekunjwa mikono mara nne. Usishangae kuona naandika kutoka Nyololo. Nitakueleza.

Barua yako niliisoma yote. Baba alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, mimi nimesimama. Nilipofika pale uliposema "kaka Sayi aliniachia mimi", baba akasema, "Rudia." Nikarudia. Akasema, "Endelea." Nikaendelea hadi kwenye jina lako mwishoni. Ndipo akasema, "Hayo umeyaweka wewe."

Nikamwambia, baba, twende kwa Lugano sasa hivi aisome. Akanyoosha mkono nimpe barua. Nilidhani anataka kuiweka mfukoni ampelekee. Akaiingiza kwenye moto, chini ya sufuria la maharage.

Nimelala na jambo hili siku nyingi. Ni kweli niliwahi kuruka, na hilo najilaumu, maana ndilo lililompa neno la kunirushia. Lakini mtu anayedhani amedanganywa hutafuta msomaji mwingine. Baba hakutaka awepo msomaji wa pili. Nadhani alikuamini, Malimi. Alikuamini tangu niliporudia.

Kesho yake akaniambia nifungashe nimfuate mume wangu. Aliyasema hayo akiangalia ng'ombe.

Sayi nimemsimulia. Alisikiliza hadi mwisho, akavaa koti akaenda kupakia mbao. Barua hii nampa mama mmoja wa hapa anayekwenda Iyunga. Usinijibu. Sina tena kazi ya kukusomea, na nimechoka kubeba maneno ya watu wawili wasioonana.

Shemeji yako,
Sarah

*

Chimala
20 Julai 2025

Baba,

Shikamoo. Najua utakuwa umeitikia kabla sijamaliza neno.

Barua hii sikuituma. Nimeiandikia hapa Chimala kwenye meza ya mama muuza chai, na nitakusomea mwenyewe. Nimemwomba Mzee Kalinga aje, na mzee Lugano akae kando yangu, afuatishe mstari kwa mstari, ili asiwepo wa kusema nimeongeza au nimeruka.

Uliyosomewa na Sarah kwenye barua yangu ya mwezi wa nne yalikuwa yangu yote. Ng'ombe niliachiwa mimi. Nilikudanganya mimi. Mzee Kalinga, mpunga wako niliumaliza mimi, na nilikusalimia njiani wiki nzima baadaye nikikupa pole.

Msimamizi aliniambia anayeondoka kabla ya miaka miwili hapokelewi tena. Nikasaini, akanipa simu yangu. Aroni alinisindikiza hadi mpakani Kasumulu. Wenye kanisa wakikuondoa benchi la mbele, baba, lawama ni yangu.

Gari lilipofika hapa Chimala juzi, sikushuka. Niliendelea hadi Nyololo kwa sababu kaka Sayi ndiye wa kuanza naye. Nilimkuta kaka juu ya lori, amefunga gunia begani, mikono imepasuka kwa mbao na baridi. Aliniona. Akamaliza kupakia lori lote ndipo akashuka. Nilipompa mkono aliuangalia tu. Akaniuliza, "Unatubu ili urudi ukahubiri?" Nikamwambia sirudi. Akasema, "Basi kaseme kwa baba. Mimi nilishasema, na nilisema siku ya kwanza."

Shemeji alinipa chai. Regina alijificha nyuma ya mlango, hanijui tena.

Kabla sijaondoka nilimwambia kaka kwamba nikishakusomea haya utamwita nyumbani. Akatikisa kichwa. Akasema hata ukimfuata wewe mwenyewe kwa miguu hatarudi, na akaniagiza nikufikishie hivyo hivyo alivyosema. Nimekufikishia.

Kwa hiyo sijaja kukuombea kitu, baba. Nimekuja kwa sababu ulimfukuza mtoto aliyekuambia ukweli, ukabaki na mimi. Nikimaliza kusoma nitasimama hapa hapa. Ukiwa na la kuniambia, niambie kwa mdomo wako, maana hakuna tena mtu wa kutuandikia.

Mwanao,
Malimi