Picha ya Harusi ya Razan

Mbwajumali, 5 Februari 2024

Ndugu yangu Fahima,
Assalamu alaikum. Natumai wewe na mama mdogo Umi mu wazima. Sisi afya tunayo, raha hatuna. Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu Jaafar ameichukua.

Picha yangu ya harusini imemfikia mama mkwe, kutoka kwa mwanamke wa Kiunga asiyenijua. Niko kichwa wazi, mabega wazi, mbele ya wanawake wenzangu. Jaafar aliniuliza mara moja tu, "Nani alikupiga picha hii?" Nikamwambia simjui. Bi Mwana, tuliyemweka mlangoni, alikusanya simu zote za wageni. Wewe ulikaa karibu nami. Hukumwona aliyeingia na yake?
Dadako, Razan

Amu, 11 Februari 2024

Dada Razan,
Waalaikum salaam. Mama anakusalimu. Mimi sina usingizi tangu barua yako ifike.

Ni mimi. Simu niliificha ndani ya gauni. Ulikuwa unahamia huko Pate, nikataka nibaki na sura yako. Wallahi sikumtumia mtu. Lakini Desemba kioo kilipasuka, nikaipeleka kwa fundi. Akataka namba ya kuifungulia ili aijaribu, nikamwandikia. Ikalala kwake siku mbili. Nilikuwa nawaogopa matapeli wa mbali wanaojifanya benki. Sikumwogopa mtu tunayesalimiana. Nimemwendea. Akasema, "Mimi natengeneza kioo, dada. Ya ndani siyajui."

Picha nimeifuta. Nisamehe.
Mdogo wako, Fahima

Mbwajumali, 26 Februari 2024

Fahima,
Salaam. Hujambo? Mimi sijambo ya mdomoni.

Umeifuta kwako, kwa watu ipo. Sasa kuna ukurasa wenye jina langu na picha hiyo, unawaandikia wanaume kana kwamba ni mimi. Mmoja amefika hadi hapa akimuulizia Razan. Jaafar ndiye aliyemfungulia mlango.

Barua yako nimempa. Akaisoma mara mbili, akasema, "Karatasi huandikwa na yeyote. Aje mwenyewe aseme mbele ya wazee wangu." Njoo kabla ya Ramadhani. Ndia ya kuja si ndefu. Sikuombi kingine.
Dadako, Razan

Amu, 19 Machi 2024

Dada,
Poleni na saumu. Najua mliningoja.

Baba amesema nikikiri mbele za watu, posa ya Nabil kwangu itavunjika. Nililia, akaniambia niwafikirie wadogo zangu. Kila siku naripoti ule ukurasa. Juzi ulifungwa, jana umefunguliwa mwingine. Nakuombea kila swala.
Mdogo wako, Fahima

Amu, 2 Mei 2024

Fahima,
U mzima? Nimerudi kwa mama tangu baada ya Idi, na talaka yangu. Jaafar hakunitukana. Alinibebea sanduku hadi gatini, akaniwekea chomboni. Hilo ndilo linaloniuma.

Nyumba zetu zimekaribiana, lakini naandika kwa kuwa sitaki tuonane. Sokoni siendi. Mwanamume akinitazama, sijui anatazama buibui au ile picha.

Mama amepokea mwaliko wa harusi yako. Atakuja peke yake. Usidhani nalipiza. Juzi nilijaribu kwenda harusini kwa kina Umulkheir: wanawake peke yao, mlango umefungwa, wote wamevua mabuibui. Mimi nilikaa na langu mpaka tukaondoka. Mikono ilikataa.
Razan