Picha Yangu Katikati ya Maua

Jumamosi

Upuuzi mtupu. Nimefundisha hapa Muthara tangu nikiwa msichana, na tangu nistaafu, kila Jumamosi nafundisha kina mama kusoma pale kanisani. Leo wanafunzi wangu wa zamani walifuta darasa hilo ili wanipe heshima. Kumbe heshima wanayoijua ni ya matanga tu.

Picha yangu kubwa iliwekwa mezani kwa fremu, imezungukwa na maua kutoka Timau. Mimi mwenyewe nikakalishwa kando yake kwa kiti cha plastiki. MC alikuwa Mutuma, ambaye kazi yake ni kuendesha mazishi, na hakujisumbua kubadilisha chochote. Aliita familia isimame kwa mpangilio: watoto, kisha wajukuu. Akasoma maisha yangu kwa ile sauti yake ya kaburini mpaka mama mmoja huko nyuma akaanza kulia.

Nikamnong'onezea mwanangu, "Mwambie niko hapa."

"Mama, tulia, watu wanakuangalia."

Waliponipa maikrofoni nikauliza swali moja. Magoti yangu yameisha. Nani atachukua darasa la Jumamosi? Wakili, daktari, diwani, wote wakaangalia viatu vyao, vile vile walivyofanya darasa la sita wakiwa hawajamaliza hesabu.

Mutuma akaninyang'anya maikrofoni. "Lakini Mwalimu wetu bado ana nguvu!"

Wakapiga makofi, wakaenda kula.

Nahofia hatima ya wale kina mama wa darasa langu, kwa kweli. Hawa wengine... Wamenizika asubuhi, na Jumamosi ijayo wananitarajia kazini.