Viazi vya Majaribio Shambani kwa Mama

4 Aprili

Mama mpenzi,

Shikamoo. Habari za huko, na goti je? Mimi mzima, ila kazi imenibana. Mbegu zimefika salama? Hiyo namba saba, aina yetu mpya ya viazi, ndiyo tegemeo letu hapa kituo cha utafiti. Inazaa sana, na wenye kiwanda cha krispi za viazi wameshaanza kuiulizia. Wenzangu walitaka kuijaribu kwa mkulima mwingine, nikawaambia hakuna aliye makini kama mama yangu. Usiniangushe.

Mwanao

2 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Goti limekubali kutembea, kuinama limegoma. Viazi vyenu vimestawi mpaka majirani wanasimama njiani kuvitazama. Marehemu baba yako angewachosha kwa maelezo.

Ila wiki hii namba saba inanitia wasiwasi. Mchana majani yanalegea kama yana kiu, jioni yanasimama tena. Nimemwagilia, wapi. Na sasa hata viazi vyangu vya zamani, upande wa chini, vimeanza mchezo huohuo. Nifanyeje?

Mama yako

9 Juni

Mama,

Shikamoo. Natumai unalala vizuri. Kata shina moja karibu na udongo, ulitumbukize kwenye glasi ya maji safi, kisha utulie uangalie. Ukiona uzi mweupe kama maziwa unashuka, usimpe mtu mbegu yoyote, na viatu vya shambani visitoke shambani. Niandikie upesi.

Mwanao

17 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Uzi umetoka. Nikakata shina jingine, ukatoka, na jingine tena. Nilikaa jikoni nikiutazama unavyoshuka, mzuri kabisa, utadhani moshi. Jirani alipokuja kuchukua mbegu nilizomwahidi, nikamwambia zimeoza. Hakuniamini. Niambie ni nini hiki.

Mama yako

2 Agosti

Mama,

Shikamoo. Najua wenzangu wamekuja, wameng'oa kila kitu na kuchoma. Niliomba kufuatana nao nikakataliwa, na kusema kweli nikaona nafuu.

Ni mnyauko, Mama, ugonjwa wa bakteria unaobaki kwenye udongo. Tumepima mbegu zilizobaki ghalani. Ugonjwa umetoka kwetu, umekuja kwako na namba saba, kwenye magunia niliyoyafunga kwa mikono yangu. Msimu ulitukimbiza, tukapima chache tu. Kwa miaka mingi usipande viazi hapo, wala nyanya, wala pilipili, nazo huushika. Panda mahindi. Nisamehe. Likizo nitakuja.

Mwanao

20 Oktoba

Mwanangu,

Marahaba. Nimechelewa kujibu. Mahindi yameota. Watu bado wanapita kuulizia mbegu, nikisema sina wananiita mchoyo. Sijawaambia ugonjwa umetoka wapi. Nitawaambiaje, na wewe ndiye mwanangu?

Sina hasira nawe. Chumba chako nakifagia. Lakini likizo hii usije. Ukifika utataka kwenda shambani, na mimi itabidi nikutazame ukilitazama. Sina nguvu hizo bado. Nitakuandikia uje. Kula vizuri.

Mama yako

11 Machi

Mama,

Shikamoo. Natumai barua zangu zinakufikia. Ni mwaka wa pili sasa na sijapata jibu, ila naambiwa u mzima na unaonekana shambani, na hilo linanitosha kidogo.

Jana namba saba ilipitishwa rasmi. Mbegu mpya zimekuzwa kwenye chupa za maabara, zimepimwa zote, ni safi, na msimu ujao zitauzwa kila mahali. Watu ukumbini walipiga makofi. Mimi nilitoka nje nikasimama nyuma ya ghala. Sikutaka uje kuisikia dukani kabla sijakwambia mwenyewe.

Bado nangoja uniite.

Mwanao