Dawa ya Kahawa

Jumatatu, 2 Machi 1953. Ruiru.
Kutu tena kwenye majani ya kahawa. Mistari sita. Dawa ya kunyunyizia imeisha. Nimemwandikia mtu wa stoo Thika harakaharaka: "Mpe huyu dawa. Watu kumi wako tayari, wanangoja." Sikutia sahihi. Kamau, mnyapara wa wanyunyizaji, ameipeleka kwa baiskeli.

Jumanne, 3 Machi.
Kamau hajarudi. Mkewe, Nyambura, amekuja akilia. Polisi walimsimamisha mumewe karibu na Thika, wakaikuta barua mfukoni, wakamfunga. Mkalimani wa polisi amemwambia ofisa wake Mzungu kwamba hiyo ni dawa ya kiapo cha waasi wa Kikuyu. Watu kumi wanangoja kulishwa. Upuuzi mtupu!

Jumatano, 4 Machi.
Thika, kwa mguu. Nimemweleza mkalimani. Kwetu Wajaluo, yath ni mti, ni dawa, ni sumu pia. Wakikuyu wana muthaiga, unatibu na unaroga. Lakini dawa ya Kiswahili ni ya kila kitu: ya mbu, ya viatu, ya kahawa. Akacheka.
"Karani wa Kijaluo anifundishe mimi Kiswahili?"
Akanifungia mlango.

Ijumaa, 6 Machi.
Thika tena. Mhindi wa duka la dawa anasema kwao pia ni dava. Neno ni la Waarabu. Wahindi walilipata kwa Waajemi, sisi tukalipata kutoka pwani. Lugha zote hizo, na hakuna kiapo ndani yake. Nikamsihi aje kituoni aseme hivyo. Hataki. Anaogopa kufungiwa duka. Nimerudi bure. Hasira tupu.

Jumapili, 8 Machi.
Mahubiri sikuyasikia. Niandike ukweli, angalau hapa. Siku zote hizi naeleza neno kama mwalimu. Hakuna niliyemwambia kwamba barua niliiandika mimi. Naogopa. Mimi Mjaluo, hawanishuku. Kamau ni Mkikuyu, ndiye anayelala sakafuni. Najichukia.

Jumatatu, 9 Machi.
Nimesema. Ofisa akanipa kalamu, nikaandika maneno yale yale mbele yake. Mwandiko ukawa mmoja. Akanizaba kofi. Nimekaa ndani mpaka mwenye shamba alipopigiwa simu, akakubali kwamba dawa ilikuwa imeisha kweli. Mimi nimetoka jioni. Kamau bado. Wanasema karatasi zake hazijakamilika. Karatasi gani?

Alhamisi, 12 Machi.
Kamau yuko nyumbani. Jicho moja limevimba, halifunguki. Nilimkuta kwenye benchi nje, Nyambura akimpa uji. Aliniuliza jambo moja tu: kwa nini sikusema siku ya kwanza. Nikamwambia niliogopa. Kisha akasogea kunipisha kwenye benchi, nikakaa.