Injini ya Baba Isiyo na Honi

Karakana ya Shamba la Ngano,
Basotu, Hanang.

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mimi mwanao Lukasi ni mzima, nakula na kulala vizuri, na ungeona mashavu yangu usingeuliza zaidi. Hofu yangu ni kwenu huko Tabora. Goti lako linaendeleaje? Na yule jogoo, bado anawagombanisha na jirani?

Mama, kabla hujaendelea, tazama kama baba yuko karibu. Kama yuko, soma kimya kimya. Malando, fundi mwenzangu aliyekuletea barua hii, amekuja likizo na ana kifurushi changu. Usikifungue mpaka umalize kusoma.

Huku mavuno yamekwisha. Kombaini zote zimerudi karakana zikiwa zimejaa makapi mpaka kwenye matundu ambayo sikujua kama yapo, na sisi tunazifungua moja moja huku tukipiga chafya. Baridi ya huku si ya mchezo, asubuhi spana inang'ata vidole. Lakini jioni tunapata samaki wa ziwani, na wenzangu wamenizoea, wananiita Mtu wa Reli. Nimeridhika, Mama, sikudanganyi.

Kilichoninyima raha ni barua yako. Umesema tangu macho ya baba yazime kabisa haendi tena stesheni kusikiliza treni, na madereva wenzake wa zamani wakija kumjulia hali anajifanya amelala. Baba yangu, aliyekuwa akitusimulia safari ya Kigoma mpaka chakula kinapoa! Naogopa, Mama. Naogopa atakaa kwenye kile kiti mpaka asahau alikuwa nani.

Sasa sikiliza. Mtaalamu mmoja wa kigeni wa kombaini alipomaliza mkataba, watoto wake waliacha kichwa cha treni cha kuchezea, cha plastiki, mfano wa injini za dizeli za zamani. Mota imeungua, magurudumu mawili hayapo. Mtunza stoo alitaka kukitupa, nikamwomba. Nilikiona tu nikajua kazi yake.

Shida yake ilikuwa hii: vishikio vya kupandia vilikuwa vimechorwa tu ubavuni, kama mistari. Mtu mwenye macho anadanganyika, kidole hakidanganyiki. Nikavikwangua vyote kwa wembe, nikatoboa matundu kwa sindano ya moto, nikapachika waya za kebo ya breki. Ngazi nimezikata kwenye bati. Madirisha yanafunguka. Tumboni nimejaza vipande vya risasi ya betri mbovu ili kiwe kizito mkononi, na nimefunga magurudumu mawili mengine, mota ya redio kaseti na betri mbili. Mwanzoni kilikuwa kinakurupuka kama mbuzi aliyefunguliwa. Nikakumbuka baba alivyowakaripia wasaidizi wake, "Dizeli inaondoka, haikurupuki!" Nikahangaika na gia zake mpaka kikaondoka kwa adabu. Rangi ni ile ile, damu ya mzee yenye ukanda wa njano. Najua haioni, hiyo nimepaka kwa ajili yako.

Nikaona nimemaliza. Nilijisifu sana, we acha tu.

Ninaye rafiki Mbarbaigi, anaitwa Gidasaida, hutuletea maziwa. Njia ambayo ng'ombe wao walikuwa wakipita kwenda majini sasa imelimwa ngano, kwa hiyo huzunguka mbali, na akilizungumzia jambo hilo sauti yake hubadilika. Mimi hutazama chini, maana nakula kwa ngano hiyo. Hata hivyo bado huja, na hukaa nami. Treni hajaiona maishani. Nikamwambia afumbe macho, nikampa injini.

"Hapa mguu inapanda," akasema, akipapasa taratibu. "Hapa mkono inashika. Hii ni pua. Hii inakula nini?"

"Dizeli."

"Kama trekta." Akaendelea kupapasa. "Baba yako alikuwa na hii moja?"

"Zilikuwa nyingi, zote za namna moja."

Akafumbua macho, akanitazama kwa huruma kabisa. "Sasa mzee atajuaje hii ni yake? Mimi ng'ombe yangu hata giza nashika sikio najua, kwa sababu mimi nilikata. Hii ya baba yako imekatwa wapi?"

Mimi ni fundi, Mama, na fundi kazi yake kunyoosha. Nilikuwa nimenyoosha kila kitu mpaka injini ya baba ikawa ya mtu yeyote. Ndipo nikakumbuka yule nyati aliyegongwa na injini ya baba karibu na Kaliua, na ile ngazi ya mbele kushoto iliyopinda ndani, isinyooshwe miaka yote. Unakumbuka baba alivyokuwa akipanda? Mguu wake uliitafuta ngazi hiyo bila yeye kutazama. Nikachukua koleo nikaikunja ngazi yangu nzuri. Iliniuma, lakini Gidasaida alifumba macho tena, akaipata mara moja, akacheka.

Nisalimie dada Tatu na shemeji, mwambie Tatu kitenge chake nakitafuta. Msalimie mjomba Petro fundi baiskeli, na shangazi wa Urambo akija na tumbaku yake. Malando atarudi huku likizo ikiisha, mpe majibu yenu.

Limebaki jambo moja. Kwenye kifurushi utakuta kikaratasi chenye kitu kidogo cha shaba, nimekichonga kutoka ncha ya kalamu. Ndiyo honi. Sijaibandika, kwa sababu sijui ilikaa wapi juu ya paa. Nimekwama kweli, si mbinu. Mimi nilikuwa mtoto, nikiitazama injini ile kutoka chini, honi niliisikia tu. Wewe ukiisikia ikilia kule mbali ulikuwa unainjika maji ya ugali, na baba akiingia mlangoni yanachemka. Huku hakuna wa kumuuliza. Anayejua ni mmoja tu, na amekaa hapo kwenye kiti.

Kwa hiyo mpe injini mkononi, usimwambie ni nini. Vidole vikifika kwenye ile ngazi, nyamaza. Kisha mpe honi, mwambie Lukasi anauliza iwekwe wapi. Gundi nimeiweka kwenye kichupa. Atakapoonyesha, bandika hapo hapo. Na akianza kunigombeza kwamba vishikio nimeviweka juu mno, kwamba injini zenyewe hazikuwa hivyo, kwamba watoto wa siku hizi hawaangalii vitu, usimkatize, Mama. Mwache aseme, hata ugali uungue.

Ni mimi mwanao, ninayengoja kugombezwa,

Lukasi