Nimeoga Uchi Stockholm

Mdogo wangu Neema, wewe ninayekukatalia kuniogesha,

Nakusalimu kwa kicheko! Jana binti yangu alikosea njia, tukatokea ufukweni ambako Waswidi wanaogelea uchi mchana kweupe. "Mama, turudi!" akasema, amejifunika macho. Nikamjibu, "Nimefika kwa mkongojo, nirudi kwa miguu ya nani?" Bibi mmoja wa rika langu, naye uchi wa mnyama, akanimiminia kahawa kana kwamba tuko sebuleni kwake. Basi nikavua vyote, nikakaa majini. Baridi ilinifanya niimbe!

Nakiri sasa, maana siku zangu zimebaki chache: nguvu za kujiogesha sina. Niliona haya tu, usije ukaona nilivyokonda. Nikirudi, chemsha maji, uniogeshe, na mgongo unisugue. Mungu atukutanishe salama.

Dada yako,
Mapendo