Siku Nne za Mtoto wa Akinyi

Kwako Mama,

Salamu zikukute hapo Katito umekaa vizuri, na goti limekupa likizo. Mimi ni mzima, ila baridi ya Uholanzi inanivalisha soksi mbili mbili, na najua unacheka.

Juzi mwenzangu wa maabara aliniuliza maana ya jina langu. Nikamweleza: kabla yangu ulizika watoto wawili wachanga, kwa hiyo nilipozaliwa mlinilaza njiani ili kuhadaa kifo, jirani akaniokota na kunileta kwako kana kwamba mimi ni mtoto wake, ndipo nikaitwa Awiti, aliyetupwa. Akaniuliza, "Hao wawili waliuawa na nini?" Jioni hiyo nikakupigia simu nikuulize, kwani kazi yangu yenyewe inahusu vifo kama hivyo.

Maana chanjo tunayotengeneza ni ya ugonjwa unaoua watoto wa siku chache. Bakteria wake hujivika koti la sukari, na mwili huliangalia bila kushtuka. Sisi tunaiunganisha sukari hiyo na protini ambayo mwili unaitambua, ili mama mjamzito akichanjwa, kinga imfikie mtoto tumboni. Mimi hupima kama zimeshikana. Wiki iliyopita ziligoma kabisa, tukamwaga kazi ya mwezi mzima. Nililia chooni, kisha nikarudi nikitaka kujua kwa nini.

Kwenye simu uliniambia, "Wewe Awiti, hayo unaulizia nini? Hao walikuja kutembea tu, wakarudi." Naomba unieleze, Mama. Walikataa kunyonya? Walichemka kwa homa, au miili ilipoa? Siku ya ngapi?

Nauliza kwa sababu dada yangu Akinyi anajifungua mwezi ujao, na chanjo yetu haitakuwa tayari. Najua akitoka hospitali utamweka ndani na mtoto, siku nne akiwa mvulana, tatu akiwa msichana, kabla ya kumtoa nje. Sipingi mila. Lakini ugonjwa huu unapenda siku hizo hizo. Mtoto akikataa titi au akipumua kwa shida, mtoeni hata siku ya pili, mkimbie naye hospitali. Atakayelaumu, mwambieni ni mimi niliyesema.

Msalimie Baba na redio yake, Akinyi na tumbo lake, na yule jirani aliyeniokota.

Na wale wawili, walipewa majina? Hujawahi kuniambia. Nataka kuyajua kabla mtoto wa Akinyi hajafika.

Ni mimi binti yako, uliyemtupa akabaki,
Awiti